Sabuni iwe pale mkono wa mtoto unapofika: mwongozo wa usafi kuanzia poti hadi balehe

Tulipokuwa tukikaa nyumba ya kupanga Mbagala, vyumba sita na choo kimoja uani, sabuni yetu ya mche ilikaa chumbani juu ya kabati, kwa sababu ukiiacha chooni haifiki jioni. Mwanangu wa kwanza akitoka msalani ilimbidi avuke ua, aingie ndani, aniombe nimshushie sabuni, kisha arudi uani kwenye ndoo. Siku mbili tatu aliniomba. Baada ya hapo akawa anajifutia mikono kwenye kaptula na kukimbilia mpirani. Nilimgombeza miezi kadhaa, na jirani mmoja akanishauri nimchape. Kumbe kosa lilikuwa la kabati.

Nilipoikata sabuni ile vipande vinne, nikatia kimoja ndani ya soksi kuukuu na kuining'iniza kwenye msumari kando ya ndoo, usawa wa kifua chake, ugomvi ulikwisha ndani ya wiki mbili. Nimelea watatu tangu hapo, na kila nilipokwama jibu lilikuwa la aina ile ile: kitu kiko wapi, kina kimo gani, na mtoto anakikuta saa ngapi. Mtoto wa miaka 4 haongozwi na hotuba. Huongozwa na kinachomkabili pale alipo, na anachomwona mama, baba au bibi akikifanya kila siku.

Anza na nyumba kabla hujaanza na mtoto

Piga magoti uzunguke nyumba yako hivyo hivyo. Utaona koki haifikiki, taulo limetundikwa kwa ajili ya wakubwa, miswaki iko ndani ya kikombe juu ya dirisha. Chochote usichoweza kukishika ukiwa umepiga magoti, mtoto hawezi kukitumia bila kuomba, na mtoto anayelazimika kuomba kila mara mwisho huacha.

Wenye bomba ndani wanahitaji kigoda imara kisichoteleza, basi. Sisi wa madumu tunaweza kuweka ndoo yenye koki juu ya stuli na beseni chini yake. Lakini kwa uani, karibu na choo, hakuna kinachoshinda kibuyu chirizi, na unaweza kukitengeneza kwa saa moja:

1. Tafuta galoni la lita 5 lenye shikio, lisilowahi kubeba dawa ya wadudu wala mafuta ya taa. Lioshe.
2. Pasha msumari moto, toboa tundu moja dogo upande usio na shikio, kama sentimita 12 chini ya mdomo. Tundu likiwa kubwa utamaliza maji. Anza na dogo, unaweza kulipanua baadaye.
3. Simika miti miwili yenye panda, iachane kama mita moja. Pitisha fito ndani ya shikio la galoni na uilaze juu ya panda hizo. Kimo kipimwe na mtoto mdogo kuliko wote, maana mkubwa anaweza kuinama.
4. Funga kamba shingoni mwa galoni, na ncha ya chini uifunge kwenye kijiti cha kukanyagia kinachoelea karibu na ardhi.
5. Jaza maji yasizidi usawa wa tundu, funga kifuniko. Mtoto akikanyaga kijiti, galoni linainama na maji yanachirizika, akiachia, linarudi.
6. Mwaga kokoto chini pasigeuke tope, na uning'inize sabuni kwenye fito.

Uzuri wake ni kwamba mkono haugusi chochote zaidi ya maji na sabuni. Watoto nao wanakipenda kwa sababu kinachezeka, na hapo una nusu ya kazi imefanyika.

Kama sabuni inaibwa, acha kuweka kipande. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, tia gramu 30 hivi za sabuni ya unga, jaza maji, tikisa, toboa kifuniko kwa msumari. Wapangaji wote wataitumia, na hakuna atakayeondoka nayo kwenda kufulia. Siku ambayo sabuni hakuna kabisa, majivu safi ya mkaa au kuni hutumika, ingawa sabuni ni bora.

Mikono: lini, na kwa nini maji matupu hayatoshi

Mtoto afundishwe nyakati chache asizokosa: akitoka chooni, kabla ya kula chochote (hata embe la njiani), akishika mifugo, akirudi kucheza. Kwako wewe mlezi ongeza tatu: kabla ya kupika, kabla ya kumlisha mtoto, na baada ya kumsafisha mtoto aliyejisaidia. Hii ya mwisho ndiyo tunayoipuuza zaidi. Wengi tumekua tukiambiwa choo cha mtoto mchanga hakina madhara. Kina vijidudu kama cha mtu mzima, pengine na zaidi. Kitupwe chooni, nepi zisifuliwe pale tunapooshea vyombo, na mikono ioshwe kwa sabuni. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba kunawa kwa sabuni hupunguza kuhara kwa takriban asilimia 30, na hakuna dawa ya duka inayokupa kinga hiyo kwa bei ya kipande cha sabuni.

Kumweleza mtoto habari za vijidudu visivyoonekana ni kazi bure. Mwonyeshe. Mpake viganjani mafuta kidogo ya kupikia yaliyochanganywa na binzari ya manjano. Mwambie anawe kwa maji matupu. Rangi itabaki kwenye mistari ya viganja, katikati ya vidole na kuzunguka kucha. Kisha mpe sabuni. Wa kwangu wa pili alikuwa na miaka 5 nilipomfanyia hivyo, na kwa mwezi mzima alikuwa akikagua kucha za kila mgeni. Sabuni hufanya kazi kwa sababu chembe yake ina ncha mbili, moja inashika mafuta na nyingine inashika maji, hivyo uchafu unang'oka na kuondoka na maji.

Mpangilio wa kunawa: lowesha, paka sabuni, sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, kisha kucha kwa kuzikwaruza kiganjani. Sekunde 20. Mtoto hana saa, basi ahesabu polepole moja hadi ishirini kwa sauti. Na kuhesabu nako atakuwa amejifunza.

Sasa nigusie beseni la kunawia wakati wa kula, maana hapa naona watu wenye nia njema wakiharibu. Watoto watano wanatumbukiza mikono kwenye beseni moja, wa mwisho ananawa maji ya wenzake wanne. Turudie desturi ya wazee wetu wa Pwani: mmoja anashika birika, anamwaga, wenzake wananawa maji yanayotiririka, beseni linakinga tu chini. Mpe kazi hiyo mtoto wa miaka 6 au 7. Anayewanawisha wageni hasahau kunawa mwenyewe.

Poti, choo na kuchamba (mwaka mmoja na nusu hadi miaka 5)

Usiharakishe poti kwa sababu wa jirani ameshaacha nepi. Dalili za kutazama ni hizi: anakaa mkavu saa mbili hivi, anakuambia au anajificha pembeni anapotaka kujisaidia, anaweza kushusha chupi mwenyewe. Wengi hufikia hapo kati ya miezi 18 na miaka 3. Mkalishe baada ya uji wa asubuhi na baada ya chakula cha mchana, dakika chache, bila kumfunga. Akitoa, msifu. Asipotoa, mnyanyue muendelee na mengine.

Choo cha shimo kinamtisha mtoto, na hofu yake ina msingi, kwa sababu tundu lile kweli linaweza kumpitisha. Usimlazimishe. Atumie poti mpaka aweze kuchuchumaa imara, kisha mshike mkono mara kadhaa za mwanzo. Taa ya usiku isikosekane. Watoto wengi wanaojisaidia nyuma ya nyumba wanaogopa giza.

Kuchamba kunafundishwa kwa hatua. Mwanzoni anaita "Mama, nimemaliza!" nawe unamsafisha huku ukieleza unachofanya. Baadaye anamimina maji kutoka kwenye kopo na wewe unasafisha. Kisha anasafisha mwenyewe na wewe unamalizia. Karibu na miaka 5 au 6 anamaliza peke yake. Mtoto wa kike afundishwe tangu siku ya kwanza kusafisha kutoka mbele kwenda nyuma, kwa sababu kinyume chake huleta maambukizi ya njia ya mkojo. Mtoto wa kiume ambaye hajatahiriwa aoshwe kwa nje tu. Ngozi ya mbele isivutwe kwa nguvu, itaachia yenyewe kwa wakati wake.

Tumia majina halisi ya viungo: uume, uke, makalio. Mwambie kwamba hizo ni sehemu zake, kwamba anaoshwa na watu fulani tu ambao mnawataja kwa majina, na kwamba hakuna kuoshwa kwa siri. Usafi na usalama wa mtoto vinafundishwa kwenye beseni moja.

Na kikojozi? Kukojoa kitandani hadi miaka 5 ni jambo la kawaida, na wengine huendelea baada ya hapo bila ugonjwa wowote. Zile nyimbo za kumzungusha mtaani na godoro kichwani zinaumiza na hazitibu. Mpe nailoni chini ya shuka, aoge asubuhi kabla ya shule, mwamshe kukojoa kabla wewe hujalala. Akifika miaka 7 bado, au akianza tena baada ya kukaa mkavu miezi mingi, mpeleke kituo cha afya.

Kuoga

Maji ya moto kwanza ni hatari. Tia ya baridi kwenye beseni, ongeza ya moto, jaribu kwa kiwiko, ndipo mwite mtoto. Usiache sufuria la maji yaliyochemka sakafuni hata kwa kitambo cha kuchukua taulo.

Nusu ndoo inamtosha mtoto akifuata mpangilio wa juu kwenda chini: uso, nyuma ya masikio, shingo, kwapa, mgongo, sehemu za siri, miguu, katikati ya vidole. Kama maji ni ya kuoga mara moja tu, chagua jioni, alale bila vumbi la kutwa. Asubuhi anawe uso na achambe. Uso wa asubuhi usikose. Nzi hufuata tongotongo na makamasi, na ndivyo trakoma, ugonjwa wa macho, inavyohama kutoka jicho hadi jicho katika maeneo makavu kama Kongwa, mkoani Dodoma. Kila mtoto awe na kitambaa chake, chenye rangi yake.

Masikio yafutwe kwa nje tu. Pamba za vijiti zinasukuma nta ndani. Na wanja wa macho ya mtoto mchanga naomba uuache, hata kama bibi anasisitiza: baadhi yake una madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo unaokua. Mwambie bibi kwa adabu, lakini mwambie.

Kuanzia miaka 6 mwachie aoge mwenyewe, wewe ukague shingo na visigino. Usiseme "mchafu wewe." Sema "visigino bado." La kwanza linamhukumu mtoto, la pili linamrudisha kwenye dodoki. Watoto wa Kiislamu wanaoanza kufundishwa sala na udhu wakiwa na miaka 7 wana ratiba nzuri tayari ndani ya siku yao, mikono, mdomo, pua, uso, miguu. Ongeza sabuni na mswaki kwenye nyakati hizo hizo.

Meno yanataka subira kuliko yote

Kwanza la hatari. Mtoto wa miezi 5 au 6 akipata homa na kuhara, kuna watakaomfunua kinywa, waone fizi zimevimba na kuwa nyeupe, waseme ana meno ya plastiki yang'olewe. Hizo ni chipukizi za meno yake ya utoto. Kuzichimbua kwa kisu au msumari kumeleta damu nyingi, maambukizi na vifo, na kunaweza kuharibu meno ya ukubwani yaliyo chini yake. Umri ule ndio mtoto anaanza kula, kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, ndiyo maana anahara. Mpeleke hospitali.

Jino la kwanza likitoka, anza. Dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele hadi miaka 3, kisha kiasi cha punje ya njegere. Mara mbili kwa siku, na ya usiku ndiyo yenye uzito, isifuatwe na chai wala maziwa. Dakika mbili. Ateme, asisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno.

Mtoto hana ustadi wa mkono wa kusugua meno ya nyuma mpaka karibu miaka 7. Kwa hiyo apige mswaki yeye kwanza, aridhike, kisha umalizie wewe. Mlaze kichwa mapajani mwako, utaona kila kitu. Wazazi wengi wanamwachia mtoto wa miaka 3 kazi hii wakidhani wanamfundisha kujitegemea.

Karibu na miaka 6 hutokea jambo linalowapita wengi. Nyuma kabisa ya meno ya utoto linaota gego jipya, bila jino lolote kung'oka. Mzazi anadhani ni la utoto, litang'oka tu, na likitoboka haliangaliwi. Hilo ni jino la maisha. Chungulia nyuma kwa tochi ya simu, lisugue kwa kuligeuzia mswaki pembeni.

Mswaki wa mti unasafisha vizuri ukitafunwa ncha mpaka iwe nyuzi na kukatwa upya mara kwa mara, lakini hauna floraidi ya kutosha. Mtoto anaweza kuutumia mchana na dawa ya meno usiku. Kwa walio Arusha na baadhi ya sehemu za Kilimanjaro, ambako maji yana floraidi nyingi na meno ya watu hugeuka kahawia, simamia zaidi asimeze dawa, punguza magadi jikoni, na muulize daktari wa meno kuhusu maji mnayokunywa.

Miaka ya shule

Mstarini mwalimu atakagua kucha. Zikate nyumbani kila wiki, siku ile ile, fupi na za mviringo, maana mayai ya minyoo hukaa chini yake. Minyoo ya safura haiingii kwa mdomo tu, bali hupenya ngozi ya miguu, kwa hiyo kandambili za kwenda chooni ziwe mlangoni, za saizi ya mtoto. Dawa ya minyoo hutolewa kuanzia mwaka mmoja, kila baada ya miezi sita. Usikose siku hizo kliniki na shuleni.

Mapunye kichwani hayaponi kwa kupaka tu, kwa sababu fangasi wameingia kwenye shina la nywele. Yanahitaji vidonge kutoka kwa daktari. Kinyozi asafishe mashine kwa spiriti mbele yako kabla ya kumnyoa mtoto. Upele unaowasha usiku unatibiwa nyumba nzima siku moja, wasiojikuna nao, pamoja na kufua na kuanika mashuka juani. Ukimtibu mmoja utarudi wiki ya tatu.

Kukohoa na kupiga chafya afanyie kwenye kiwiko kilichokunjwa.

Balehe: usisubiri ifike

Wasichana huanza kubadilika kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Mazungumzo yatangulie. Pwani kazi hii ilikuwa ya somo au kungwi, mwanamke anayemfunda mwari, na shangazi mwenye busara bado anaifanya vizuri kuliko mama mwenye haya. Lakini kama somo hayupo, ni wewe. Msichana asiyeambiwa atadhani anaumwa, na ataficha.

Akifika miaka 9, mpe mkoba mdogo: pedi mbili, chupi ya akiba, kipande cha sabuni, mfuko wa kutilia zilizotumika. Mwonyeshe kuiweka pedi kwenye chupi kabla hajaihitaji. Abadilishe kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama damu ni kidogo. Za kitambaa zifuliwe kwa maji ya baridi na sabuni, zikaushwe juani kabisa. Zikifichwa chini ya godoro zitabaki na unyevu na kumletea muwasho. Kama kuna aibu uani, tandika khanga nyepesi juu yake. Ndani ya uke pasioshwe kwa sabuni, limau wala marashi; hujisafisha penyewe, nje tu maji yanatosha. Pedi hazifai choo cha kuvuta, kitaziba. Zifungwe zitupwe au zichomwe.

Gharama ni suala zito. Kenya iliondoa kodi kwenye taulo za kike mwaka 2004, na mwaka 2017 ikapitisha sheria ya kuwapa wanafunzi bure. Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018 na kuirudisha mwaka uliofuata. Baba anayepanga bajeti ya nyumba aiweke pedi kwenye orodha pamoja na unga na sukari, na ainunue mwenyewe mara moja moja. Binti ataona kwamba haombi fadhila.

Wavulana huwa tunawasahau, tukidhani watajijua. Mweleze kwamba tezi za kwapa zinaamka sasa, ndiyo maana harufu imekuja ghafla, na kwamba manukato juu ya jasho la jana yanazidisha. Aoshe kwapa kwa sabuni kila siku, akauke, ndipo apake shabu au kizuia harufu kingine. Mwambie pia kuhusu ndoto nyevu, kwamba ni za kawaida, na kwamba asubuhi aoge na afue shuka yake bila kuulizwa swali. Baba, mjomba au kaka mkubwa ndiye anayefaa kuliweka hilo wazi, matembezini, si mezani mbele ya dada zake. Elimu ya hedhi naye apate, ili darasani asiwe wa kumcheka msichana aliyechafuka sketi.

Wote wawili wafue chupi zao kuanzia sasa na kuzianika juani zikiwa zimegeuzwa ndani nje. Soksi za shule zifuliwe kila jioni, viatu vilazwe wazi mlangoni. Na wembe, kila mtu na wake: weka nyembe mbili tofauti, kila mmoja ndani ya kopo lake, na ndugu asiazimwe hata siku ya sikukuu.